Besi Haina Mtu

Kambi ya mkonge, Tanga
21 Februari 1954

Dada Dorkasi mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, pamoja na mama na kile kifua chake. Mimi mwili hauna neno, kazi ya kukata mkonge inaendelea na miiba nimeizoea. Moyo ndio mgonjwa.

Unajua nimepuliza tarumbeta kanisani miaka minne. Mwaka juzi akaja Laurenti, kijana wa korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kubana midomo. Hajui kusoma herufi moja, nyimbo anazinasa kwa sikio. Sasa mwalimu Rafaeli, kiongozi wetu, amempa yeye sauti ya kwanza ya Pasaka. Mimi kanikabidhi besi, lile pembe kubwa linalolia bu, bu, kama ng'ombe aliyeshiba. Akina mama wanamsifu yeye. Baiskeli anayo, mimi sina. Hata viatu vyake vinang'aa kuliko vyangu, dada, nimevitazama vizuri.

Nimeona heri niache tarumbeta kabisa. Usimwambie mama.

Mdogo wako,
Fanueli


Bumbuli
7 Machi 1954

Mdogo wangu Fanueli,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kifua cha mama kilikuwa kimetulia, ila nilipomsomea barua yako alicheka mpaka akakohoa tena, kwa hiyo kosa ni lako.

Umesahau mahindi? Ulikuwa na miaka saba, kila mtoto na tuta lake. Yangu yakayapita yako kwa urefu, nawe kila asubuhi ukawa unakwenda kuyavuta yako kidogo, yapate kuyafikia yangu. Yakanyauka yote. Sikukuu ya mavuno wenzako walipeleka mahindi madhabahuni, wewe ukapeleka mabua. Mchungaji akayapokea kwa mikono miwili, maskini. Na leo bado unavuta.

Bwana wetu alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu, wala hakupungukiwa na kitu. Hakuwa akijipima na mtu, ndiyo maana aliweza kuinama. Kunyenyekea si kujiona takataka, Fanueli. Ni kuacha kujitazama kila saa na kuitazama kazi uliyopewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shika pembe lako. Na viatu vipake mafuta ya nazi.

Dada yako,
Dorkasi


Kambi ya mkonge, Tanga
25 Aprili 1954

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuuliza hali yako na ya mama, kisha naomba safari hii msinicheke.

Sikukusikiliza. Alfajiri ya Pasaka tulikwenda makaburini kama ilivyo desturi, kuwapulizia marehemu habari ya ufufuo. Wimbo ulipoanza nikaiacha besi, nikapuliza sauti ya kwanza kwa lile pembe kubwa, nimfunike Laurenti. Nilikuwa nimejizoeza kwa siri wiki tatu. Dada, wimbo ulikosa mahali pa kusimama. Waimbaji wakapotea, huyu juu, huyu chini. Mama Benedikta alikuwa kando ya kaburi la mwanawe aliyezikwa Januari, na wimbo ule aliuomba yeye. Akaacha kuimba, akajifunika kanga usoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Nililiacha pembe kanisani, nikarudi kambini kwa miguu. Siku ya nne akaja Laurenti, pembe amelifunga nyuma ya baiskeli. Nikangoja matusi.

"Besi haina mtu," akasema. "Bila wewe mimi kule juu naelea tu."

Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa viatu. Akacheka, kisha akainama. "Mwenzangu, mimi ni yatima. Kila mara karani wa kambi akiita jina lako kwamba kuna barua, mimi huenda nyuma ya korona nisikuone ukisoma. Sina wa kuniandikia."

Na mimi nilikuwa navitazama viatu! Nimetubu mbele za Mungu, nimekwenda kwa Mama Benedikta kumwomba radhi. Amesema tuupulize tena Pentekoste. Besi nimeiomba mwenyewe.

Nina ombi moja, dada. Mwandikie Laurenti.

Mdogo wako,
Fanueli


Bumbuli
9 Mei 1954

Kwa mdogo wangu Laurenti,

Hujambo? Na kazi je, na hiyo korona? Mimi ni Dorkasi, na huyu anayekusomea ni Fanueli wetu. Kuanzia leo nusu ya barua za Bumbuli ni zako, kwa hiyo karani akiita, usijifiche.

Mama anakusalimu sana. Anasema kijana aliyemletea mwenzake pembe baada ya kutendwa vile, amemshinda mwanawe wa kumzaa kwa mbali. Fanueli, mstari huo usiuruke.

Dada yako,
Dorkasi


Kambi ya mkonge, Tanga
13 Juni 1954

Dada Dorkasi,

Shikamoo mara mbili, maana tuko wawili.

Pentekoste Mama Benedikta aliimba mpaka ubeti wa mwisho. Mimi nilipiga bu, bu yangu, wala sikujua watu walikuwa wakimtazama nani.

Barua ya Laurenti nilimsomea, sikuruka kitu. Nilipofika pale pa mama nilisoma haraka na kwa sauti ya chini, nakiri. Laurenti akasema, "Rudia hapo." Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na mara hii nilifurahi kweli, dada, nikamshukuru Mungu.

Jioni tunajifunza herufi. Jina la mwisho hapo chini kaliandika kwa mkono wake.

Wadogo zako,
Fanueli
na LAURENTI