Nani Amwambie Mama Ameze Dawa

Nachingwea

Dada yangu Kulwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na shemeji na watoto. Kikohozi cha mdogo kimeisha? Mimi sijambo, ila mabega yamekwisha. Msimu wa korosho umepamba moto na sisi makuli tunapakia malori tangu asubuhi mpaka giza. Mwezi uliopita walitupeleka kwenye ghala la Ruangwa, nikawa nalala juu ya magunia. Usimwambie Mama hilo.

Habari kwamba Mama ameanguka tena jikoni imeninyima raha. Umesema daktari ameonya kuwa presha yake haichezewi, akiendelea kuruka dawa siku moja ataanguka asiinuke. Ukaniomba nirekodi sauti yangu kwenye simu, nimbembeleze ameze kila siku. Sijarekodi, na nataka ujue kwa nini.

Mama mwenye nyumba wangu, Bi Somoe, naye ana presha. Macho yake yana ukungu na kusoma hajui. Mwaka huu alikuja binti mmoja anaitwa Upendo, anatengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa zao, na anataka hata asiyejua kusoma aweze kuitumia. Dada, mimi niliishia darasa la tano, na waliosoma huwa wananichosha. Huyu hakunichosha. Alikuwa anakaa mkekani na kina bibi, hapa na kule kijijini Chinongwe, anaangalia tu wanavyoshika simu. Akagundua kioo hakisikii vidole vya Bi Somoe, maana kubangua korosho miaka yote kumevifanya vigumu kama kwato. Mwingine angesema bibi hawezi simu. Yeye alirudi na programu isiyotaka kidole: ukishameza, unailaza simu kifudifudi, nayo inajua.

Sauti ya kukumbusha alimrekodi Issa, dereva wa bodaboda, kwa kuwa ana sauti nzuri. Asubuhi simu ikasema, "Mama, muda wa dawa umefika." Bi Somoe akavuta kanga, akajifunika uso. Kesho yake hivyo hivyo, na vidonge havijaguswa. Upendo akadhani bibi hasikii, akaongeza sauti. Bibi akatoka nje kabisa.

Ndipo Upendo akaketi naye, akamuuliza kosa liko wapi. Bi Somoe akajibu polepole, "Mwanangu, huyo ni mume wa binti yangu. Nitapanuaje mdomo mbele ya mkwe?"

Upendo alicheka mpaka akashika mbavu, akijicheka mwenyewe. Wala hakumwambia bibi kuwa hiyo ni simu tu, Issa hayumo ndani. Alikwenda akaibadilisha, sasa kila nyumba inachagua sauti yake. Alipomuuliza bibi anataka ya nani, bibi akanielekezea kidevu, akasema anamtaka huyu mume wake wa Kinyamwezi anayemaliza ugali wake. Basi nikarekodi utani kama mjukuu kwa bibi yake: "Bibi, meza dawa. Ukifa wiki hii kaburi sichimbi, mabega yanauma."

Tangu hapo kila asubuhi namsikia anajibizana na simu. "Utatangulia wewe, mvivu," anaiambia, kisha anameza na kuilaza kifudifudi. Juzi zahanati walimpima, presha imeshuka.

Sasa mfikirie Mama. Mimi na wewe tukimbembeleza, anasema hakuzaa watu wa kumwamuru. Huruma yetu inamkera tu. Yuko mtu mmoja ambaye Mama hajawahi kukubali kushindwa naye kwa maneno, na huyo ni wifi yake, Shangazi Nyamizi. Mwenzangu anayerudi Tabora amebeba barua hii pamoja na simu ya kupangusa, Upendo ameshaiweka programu. Nenda kwa Shangazi arekodi yeye. Amwambie Mama kwamba vitenge vyake ameshavigawa na anasubiri tu siku ya mazishi.

Nisalimie shemeji, na yule jirani yetu fundi baiskeli aliyemkimbiza Mama hospitali, mwambie sijamsahau. Mama mpe shikamoo yangu. Shangazi naye mpe, na umwambie asimwonee wifi yake huruma hata kidogo. Nikirudi nataka niwakute bado wanagombana.

Ni mimi pacha wako,
Doto