Kiti Kinachosogea Mbele

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Kazi inaendaje? Mimi mzima, ila magoti yana michubuko, na chanzo ni kigari cha marehemu mama. Unajua alivyokuwa mfupi: alikalia mto wake wa maua, kifua karibu kiguse usukani. Mimi ni mrefu kama ngazi. Jioni nikishuka nakiacha kiti nyuma kabisa, asubuhi nakikuta mbele. Na funguo ninazo mimi! Nacheka, lakini naogopa.

Hivi unaikumbuka ile ahadi ya kumpandisha mama hilo gari lako la mbio? Mpaka anakata roho alikuwa akiuliza, "Anakuja lini?"

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya. Reli za kiti hicho zimekwisha tu. Gari lenyewe lina umri wangu! Kiuze kama chuma chakavu. Kikipanda kilima, hata wenye magongo wanakipita. Langu nikikanyaga mafuta, mgongo unaganda kitini na mji wote unabaki nyuma. Kiti ni cha umeme, kinamkumbuka dereva wake: nikifungua mlango kinajipanga chenyewe. Ni mbingu na ardhi, dada.

Ahadi naikumbuka. Usinitoneshe kidonda. Jumamosi ijayo nakuja, na basi nitalipita njiani.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hicho unachokidharau kinanusa tu mafuta, hakiyanywi, na hakijawahi kumlaza mama njiani. Lakini siandiki kwa hilo.

Tangu Jumatatu kiti kinabaki nilipokiacha. Ungedhani nimefurahi. Jana nimeutafuta ule mto wa maua, haumo garini, na milango ilikuwa imefungwa. Moyo wangu hautulii. Mama alisema gari ni breki, mengine mapambo. Nakusihi, Jumamosi panda basi. Nijibu hata neno moja.

Dada yako

16 Machi, Jumamosi asubuhi

Dada yangu,

Shikamoo. Sijambo. Tangu hiyo Jumatatu, nikikanyaga mafuta sana, kiti changu kinasogea mbele mpaka usukani unanibana kifua. Nikipunguza mwendo, kinarudi. Fundi amepima kila waya, hakuona kasoro. Nilikusudia kupanda basi kama ulivyosema, nikaenda garini kuchukua koti tu.

Kiti changu kilikuwa mahali pake. Cha abiria ndicho kilichosogea mbele kabisa, na juu yake upo mto wa maua. Nimeugusa. Una joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nimelia, dada, sikuficha. Kisha nikauzungushia mkanda.

Barua hii nampa dereva wa basi, itatutangulia. Usiwe na wasiwasi tukichelewa. Tunakuja mwendo wa kigari.

Mdogo wako