Siku ya Idd Bustanini Mkuza

Mkuza, Kibaha
4 Mei 1952

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za Kisarawe, na mguu unaendeleaje? Mwinjuma wa lori ameniambia bado unakusumbua asubuhi, na kwamba umekataa katakata kuupeleka kwa daktari. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri na mihogo imeshika.

Mama, najua barua yangu ya mwisho hukuipenda, maana hukuijibu. Sitayarudia maneno yale. Ulikwisha toa neno kwamba nitaolewa na Kondo, mtoto wa shangazi, mimi nikakataa, nikaozwa kwa Adamu kule Mlandizi nyumbani kwa baba mkubwa Mashaka. Wewe hukuja, na hata leo hujakanyaga kwangu. Ni mwaka wa nne huu. Mwanahalima sasa anasema kila kitu na anauliza kila kitu. Juzi kaniuliza kwa nini wenzake wana bibi na yeye hana. Nimemwambia anaye, yuko Kisarawe, ni mkali lakini anajua kupika kashata. Basi sasa kila lori likipita anataka kujua kama bibi mkali yumo.

Nina neno la kukuomba. Yule Mgiriki mzee mwenye mashamba ya mkonge hapa ametengeneza bustani kubwa, sijaona mfano wake. Kuna bwawa lenye mabata bukini, kuna tausi, kuna tundu la tumbili, kuna kobe mkubwa ambaye watoto wanaketi mgongoni mwake na yeye anaendelea kula majani. Kuna bembea za watoto na za watu wazima. Kile kiberenge kinachovuta mabehewa ya mkonge, siku za mapumziko kinasafishwa, kinawekewa mabenchi, kinawazungusha watu bustani nzima. Siku ya Idd watu wote wanaruhusiwa kuingia, na itakuja bendi ya tarumbeta.

Njoo Idd hii, Mama. Mjukuu wako akuone.

Mwanao,
Zena


Kisarawe
23 Mei 1952

Zena mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Mguu ni wangu mimi. Mwinjuma ashughulike na lori lake, nalo linachechemea kuliko mimi.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya mtoto. Mmempa jina la mama yangu mzazi bila kuniuliza, nami nimefurahi bila kuwaambia, basi tumelingana. Mwambie mke mwenzangu huyo kwamba mimi si mkali. Mimi husema ninachokiona, wenye kukerwa wakaita ukali.

Lakini nyumbani kwako siingii. Nililisema na sijalimeza. Wazee wa huyo Mmlandizi walikwenda kwa baba yako mkubwa, wakapokewa, wakanywa kahawa, wakapanga mambo yao. Kwangu hapakuja mtu. Mimi niliyekubeba, niliyekesha nawe ulipougua surua, nikasikia habari ya ndoa yako kisimani, kutoka kwa jirani yangu Mboni, naye alikuwa anacheka. Kondo simlilii tena, ameoa na mkewe anamtosha. Ninalolilia ni kwamba mlinipita kama mti.

Huyo tausi ni ndege wa namna gani? Na kobe anapandwa kweli, au unanitania?

Mama yako,
Biubwa


Mkuza, Kibaha
5 Juni 1952

Mama yangu,

Shikamoo. Saumu inakwendaje? Huku joto limepungua, lakini Mwanahalima amejitangaza kuwa anafunga, na kila baada ya muda mfupi anafuturu.

Maneno yako yameniingia. Habari ya kisimani sikuijua. Ningeijua ningekuja kwa miguu kukuangukia. Nilidhani baba mkubwa amekutumia mtu, na yeye akadhani nimekutumia mimi. Nisamehe, Mama.

Nyumbani kwangu sikulazimishi. Lakini bustani si nyumba ya Adamu. Ni mahali pa watu wote, unaingia, unatembea, unatoka, humwambii mtu asante. Adamu siku hiyo ana kazi. Atakuwa upande wa kiwanda cha mkonge. Sisi tutakaa upande wa bwawa. Sura yako haijui, nawe sura yake huijui, na yeye anaogopa kukutana nawe kuliko unavyoogopa wewe. Kwao ni kama kwetu, mwanamume akimwona mama mkwe anaiacha njia na kuingia porini. Hali naye, hamtazami, hasemi naye. Amelelewa hivyo.

Nitakungoja lango kubwa, la barabarani, mimi na mjukuu wako.

Kobe anapandwa kweli.

Mwanao,
Zena


Kisarawe
15 Juni 1952

Zena,

Mimi mzima, mguu hivyo hivyo.

Nitakuja. Nakuja kumwona mtoto na huyo ndege, si mtu mwingine. Usinionyeshe nyumba yako iko upande gani, hata kwa kidole. Jioni narudi na Mwinjuma.

Mtoto anapenda kashata za nazi au za njugu? Nitaleta zote.

Mama yako,
Biubwa


Mkuza, Kibaha
27 Juni 1952

Mama yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Mwinjuma anasema ulifika, lakini kwamba njia nzima hukusema neno, naye hajawahi kuona jambo hilo.

Mama, sikupanga. Naapa kwa aliyeniumba, sikupanga. Naona nikueleze yote kama yalivyokuwa, hasa yale ambayo Adamu amenieleza, ili usidhani ulitegewa.

Tulikungoja lango kubwa tangu watu walipotoka kuswali. Hatukujua kwamba Mwinjuma alikuwa na magunia ya kushusha kiwandani, na kwamba alikushusha wewe huko huko, kwenye lango la pili. Adamu ndiye dereva wa kile kiberenge, jambo ambalo sikukuandikia, naye alijua mama mkwe wake atashukia lango kubwa. Adamu anasema aliona bibi mmoja amevaa kanga ya njano, ameketi juu ya kikapu kando ya reli, anawagombeza vijana waliokuwa wanasukumana kugombea mabenchi. Akaona una mguu mbaya. Akakupandisha mbele, karibu naye, mkazunguka. Akakuuliza unamtafuta nani, ukasema wanao, kwamba watakuwa bwawani. Kiberenge kikapumzishwa mchana, naye akaona hawezi kumwacha mtu mzima peke yake katika umati ule. Akabeba kikapu, akakushika mkono, mkaenda.

Anasema mlisimama kwa tausi mpaka akafungua mkia, nawe ukasema wanaume wa namna hiyo Kisarawe wako wengi, ila hawana manyoya. Alicheka mpaka akakaa chini. Mlimwona kobe. Ulipanda bembea, Mama, na mguu ule. Alikununulia pilau kwenye vibanda, mkala sahani moja kando ya bwawa kwa sababu sahani zilikuwa zimekwisha.

Hapo ndipo ulipoanza kumweleza habari ya binti yako, Zena, na yule Mmlandizi aliyemwoa bila kukujia, kwamba ni mtu asiye na adabu na asiyejua mwanamke anazaa kwa uchungu. Adamu anasema alilirudisha tonge sahanini. Akajua yuko mbele ya nani, na anakula naye. Alitaka kukimbia, lakini akawaza akikimbia utabaki peke yako, watu wale wote, na hujui njia. Akakupa mgongo, akawa anawatazama mabata na kukujibu. Anasema ulimuuliza kama amekuchoka, akasema hapana, mama, jua linaniumiza macho.

Sisi tulikuwa tumechoka kungoja, tukaja bwawani. Mwanahalima akaona mgongo wa babaye, akakimbia akimwita baba, akamrukia. Nilikuona ulivyomtazama yeye, kisha mtoto, kisha mimi. Ukajifunika kanga uso wote. Adamu akaondoka mbio akaingia kwenye mkonge. Wewe ukamkumbatia Mwanahalima, ukakaa naye hivyo muda mrefu, halafu ukaomba upelekwe kwenye lori. Mimi hukunisemesha.

Adamu hali vizuri tangu siku ile. Anasema amekula sahani moja na mkwe wake, amemshika mkono na amemsikia akimsema, na hajui aanzie wapi kuomba radhi. Niambie lolote, Mama. Hata matusi nitayapokea.

Mwanao,
Zena


Mkuza, Kibaha
18 Agosti 1952

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Kila lori likija namfuata Mwinjuma mpaka ananionea huruma. Anasema uko mzima, unalima, unagombana na Mboni kama kawaida, lakini barua huna.

Mwanahalima anauliza kama bibi amekasirika kwa sababu yeye alikula kashata zote. Nimemwambia hapana. Sijui kama nimemwambia kweli.

Adamu alitaka kuwatuma wazee wake Kisarawe waje kukuomba radhi kwa yote mawili, la ndoa na la Idd. Nimemwambia asubiri, nisije nikakuongezea hasira.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuja, nilitaka nikuambie tukiwa tumekaa. Nina mimba, mwezi wa tano sasa. Ya Mwanahalima nilijifungulia mikononi mwa watu wa Adamu. Walinitendea wema wote, lakini nililia jina lako usiku kucha, wakadhani ni uchungu. Safari hii naogopa, Mama. Nakuhitaji.

Mwanao,
Zena


Kisarawe
29 Septemba 1952

Zena mwanangu,

Marahaba, marahaba mara zote nilizokuwa sijaitikia. Mtoto tumboni anacheza? Unakula? Usibebe maji, waambie watu wa huko nimesema mimi.

Sikunyamaza kwa hasira. Hasira ilikuwepo, ikakaa kama juma moja, nikaitoa kwenye magugu. Najua hukupanga. Wewe tangu utoto ukipanga jambo masikio yanakutoka jasho, na siku ile yalikuwa makavu.

Nitakuambia kilichoninyamazisha, na usinicheke.

Tangu baba yako afe, hapajakuwa na mtu wa kuketi nami mchana mzima. Watu wananijia wakitaka kitu, nawapa, wanakwenda. Kijana yule wa kiberenge hakutaka kitu kwangu. Aliniuliza mguu uliumia lini. Nikamweleza habari ya baba yako, jinsi tulivyoanguka wote wawili kwenye baiskeli tukitoka Maneromango, mambo ambayo hata wewe sijapata kukusimulia. Alinisukuma kwenye bembea polepole, akiniuliza kila mara kama inatosha, nami nikasema bado. Nilipopanda lori lile jioni nilikuwa nimempenda mtoto yule kama niliyemzaa, na papo hapo nilikuwa nimejua ni nani.

Sasa fikiri. Nikimkubali kuwa mkwe wangu, basi yule kijana wa bustani nimempoteza. Siwezi tena kula naye. Siwezi kumtazama usoni wala kumtania wala kumsimulia habari za baba yako. Lakini nikiendelea kumkataa, mimi sina mkwe huko Mkuza. Jumapili yoyote naweza kupanda lori, nikaingia bustanini, nikaketi mbele karibu na dereva kama bibi yeyote, na hakuna wa kunilaumu. Nililiwaza jambo hilo, Zena, miezi hii yote. Nililitaka hasa. Mwinjuma ananiambia mjini siku hizi wakwe wanakula sahani moja na wanakwenda sinema pamoja. Wa mjini wana yao. Mimi nimezaliwa hapa, na heshima niliyofundishwa ndiyo pekee ninayoijua kumpa mtu.

Halafu ikaja barua yako ya mimba. Nikaona mimi mtu mzima mzima nataka kujiwekea kijana wa watu kwa mchana wa Jumapili, na binti yangu analia jina langu usiku. Nikaona pia kwamba alipojua mimi ni nani, hakuniacha. Alinipa mgongo akakaa. Aibu yote ile aliibeba ili nisipotee njia. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa nje ya ukoo kwa sababu kizee kimoja kimepata wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo wazee wake wasije kuomba radhi. Waje kunisalimu, kahawa iko, nami nitawagombeza kidogo kwa desturi. Nimekwisha kata shauri. Yule ni mkwe wangu. Kuanzia leo jina lake silitamki, na yule Mmlandizi asitajwe tena mbele yangu, hakuna mtu kama huyo.

Nitakuja mwezi wa kumi na moja, nije moja kwa moja nyumbani kwako, nikae mpaka ujifungue na arobaini ipite. Nitengee chumba cha uani, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kupita bila kunikuta. Chakula chake nitakipika mimi, wewe umpelekee. Ukiwa umelala, nitamwekea mlangoni na kukohoa.

Siku nitakayofika, akisikia lori linasimama, na atoke kwa mlango wa nyuma, akimbie kama inavyompasa. Nami nitajifunika kanga uso wote kama inavyonipasa, ningoje barazani mpaka amalize kupita.

Mwambie asikimbie haraka sana.

Mama yenu,
Biubwa