Jani Lililopatanisha Papa na Shangazi

Masisi, tarehe 14 Machi 1968

Mpendwa kaka Isidore,

Yambo sana. Homa iliyokushika kule Kisangani imekuacha kweli, ao uliandika hivyo ili Mama asihangaike? Sisi huku tuko wazima. Goti la Mama linamuuma mvua ikikaribia, lakini bado anapanda kilima kwenda misa bila fimbo.

Mdogo wetu Thacienne anaolewa mwezi wa sita na Michel, muuguzi wa dispansari yetu. Ni kijana mpole, na Papa anampenda.

Lakini furaha hiyo nusura iharibike. Unakumbuka shangazi Verdiane alipofiwa na mumewe alipanda mikaratusi mpakani mwa shamba lake na la Papa. Sasa imerefuka kupita kanisa. Msimu huu maharagi ya Papa upande ule yalikuwa membamba, yakageuka manjano, na maganda hayakujaa. Papa akasema dada yake amefukia kitu kibaya udongoni. Akaacha kumsalimu hata mlangoni mwa kanisa, kisha akatangaza kwamba hataki kumwona kwenye arusi. Shangazi alilia sana. Thacienne naye akasema bila shangazi wa kumtoa nyumbani, afadhali arusi ingoje.

Wiki ile nilikuwa nafundisha darasa la tano namna mimea inavyojilisha. Nikaona nimfundishe Papa pia.

Jioni nilifunga utepe wa karatasi nyeusi katikati ya jani moja la maharagi, upande wa shamba wenye jua. Kesho yake, jua lilipokuwa limewaka mchana kutwa, nililichuma na kulichemsha. Nikaliloweka kwenye alikoli aliyonipa Michel, chombo kikiwa ndani ya maji moto, mpaka rangi ya kijani ikatoka. Kisha nikamwita Papa. Kwanza nilidondosha yodi, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, juu ya kipande cha muhogo. Kikawa cheusi, kwa kuwa yodi ikigusa wanga hufanya hivyo. Nikadondosha kwenye jani. Likawa jeusi lote, isipokuwa pale palipokuwa na karatasi.

Nikamweleza kwamba jani lina vitundu ambavyo jicho halivioni. Kwa vitundu hivyo linavuta gazi karboniki, hewa ile ile tunayoitoa puani. Mizizi inaleta maji. Nguvu ya jua njo inayoliwezesha jani kutengeneza sukari kutokana na hivyo viwili, na hewa nzuri ya kuvuta inatoka. Sukari nyingine inahifadhiwa kama wanga, nyingine inashuka kujaza maganda.

"Kwa hiyo sukari haitoke mu udongo?" akauliza.

Nikamjibu kwamba udongo unatoa maji na chumvi kidogo, lakini sehemu kubwa ya mwili wa mmea inatoka hewani. Na pasipo jua, kama pale nilipofunika kwa karatasi, kazi hiyo inalala.

Aliligeuza lile jani mkononi muda mrefu.

"Hii jani iko na muzizi moja, udongo moja," alisema polepole. "Kama ingekuwa sumu, ingelishika yote. Njo kusema Verdiane hakuniroga. Aliniziba jua tu."

Akavaa kofia yake ya Jumapili, ingawa ilikuwa Jumatano, akateremka kwa shangazi. Mimi nilimfuata. Tulimkuta akitwanga majani ya sombe, na hakuinua macho.

"Verdiane, nilikusema vibaya bure. Unisamehe."

Shangazi aliweka mchi chini. "Ungelisema unataka jua, kaka yangu, ningelikata hii miti tangu mwaka jana."

Kisha wote wawili wakakaa kwenye kigogo wakilia na kucheka, nami nikaenda kutazama kuku, maana sikujua niweke uso wangu wapi.

Safu iliyokuwa ikiziba jua imekatwa, na nguzo zake zitasimamisha kibanda cha arusi. Tena Papa amekuwa mwalimu. Sokoni Kitshanga anawaambia watu kwamba ukitaka maharagi mazuri, ukae karibu nayo upumue. Nimemsahihisha, hasikii.

Nikiandika haya, shangazi yuko hapa uani. Anabishana na Papa juu ya ngoma, nani atafungua kucheza. Kaka, tulikuwa hatujasikia sauti zao pamoja tangu mvua zilipoanza. Omba ruhusa kazini, uje uzisikie.

Utusalimie sana wifi Libérata na mutoto Jean-Marie. Papa, Mama, Thacienne na shangazi Verdiane wanakusalimu. Mungu awalinde nyumbani mwenu na awafungulie njia mpaka huku.

Dada yako akupendaye siku zote,

Hélène