Sufuria Zilizopondwa Kakuma

Mpendwa Dada Nekesa,

Pokea salamu kutoka Kakuma, ambako jua linachoma mpaka kalamu inavuja. Mimi ni mzima, ila nimekasirika sana.

Mimi na tajiri aliyeniajiri kumwandikia hesabu tulikuja kununua alumini kuukuu kwa wakimbizi wa kambi hii. Nairobi bei imepanda. Tajiri mwenyewe alinisomea barua ya kiwanda kinachoinunua. Lakini wakimbizi anawaambia imeshuka! Na ana mtindo wake: sufuria ikiletwa, inapondwa kwa nyundo kwanza, bei inatajwa baadaye.

Leo mama mmoja Msudani alileta sufuria yake ya pekee. Aliposikia bei alipiga kelele, "Wewe, rudisha sufuria yangu vile ilikuwa!"

"Mama, hiyo si sufuria tena," tajiri akacheka. "Ipikie uji kama unaweza."

Unanijua, dada, mimi huogopa hata kuomba chumvi mezani. Lakini nilisimama na daftari langu nikasema, "Nairobi bei imepanda. Msiuze." Foleni nzima ikaondoka na sufuria vichwani. Fundi Mturkana anayetengeneza hereni za alumini aliichukua ile iliyopondwa, ajaribu kuigonga irudie umbo lake.

Tajiri ameondoka na lori kwenda Lodwar, akaniacha hapa. Naogopa, sikufichi. Nitalala kanisani, kesho nitafute basi la Kitale.

Wakumbatie watoto kwa ajili yangu. Na Mama mwambie nimefukuzwa kazi, lakini tafadhali anza na sababu.

Mdogo wako,
Wafula