Ua Nililosema Limetoka Puge

Usambara, milimani

Dada Magdalena,

Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Mvua zimewafikia, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima, hata baridi ya huku nimeizoea, ila roho haijatulia na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Unajua kazi yangu ni kumkaushia bwana mtafiti mimea yake kwenye magazeti. Kila mmea una kikaratasi kinachosema ulichumwa wapi. Tulipopita njia ya zamani ya wapagazi, kutoka Tabora mpaka mbele ya Urambo, mvua ilitulowesha pamoja na mizigo. Humo humo nilikuwa nimechanganya mimea niliyoichuma nyumbani wakati wa likizo. Nilipofungua, ua moja halikuwa na kikaratasi. Sikujua ni la njiani au la nyumbani. Mwenzangu mmoja alishafukuzwa kwa kosa hilo, basi bwana aliponiuliza nikasema, "Puge, nyuma ya nyumba yetu." Niliogopa, dada.

Sasa amelichunguza. Anasema ni la ukoo wa alizeti na mchunga, maana tunachokiita ua moja ni maua madogo mengi yaliyobanana kwenye kichwa kimoja. Lakini ndugu zake wa aina hiyohiyo wote huota magharibi, ng'ambo ya Urambo. La Puge liko peke yake upande wa mashariki. Bwana amefurahi mno, ametia alama nyekundu juu ya kijiji chetu kwenye ramani, na mwezi ujao anakuja kuliona likiwa bichi.

Nakuomba ukaangalie nyuma ya nyumba mpaka kisimani. Ua lenyewe ni la zambarau, jani kwa chini lina manyoya meupe, na ukilivunja halitoi maziwa kama mchunga. Likiwapo, nitumie moja na mizizi yake. Lisipokuwapo, andika halipo, usinihurumie. Nitamweleza bwana mwenyewe kabla hajafunga safari. Nikifukuzwa, nitarudi kulima.

Nisalimie shemeji, na mwalimu wa kanisa aliyenifundisha kusoma. Mama mpe shikamoo yangu, ila barua hii usimsomee. Akijua, siku bwana atakapomwuliza atajibu kwamba ua lilikuwapo, mbuzi wamelila. Mama hajapata kusema uongo, na huo atausema kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Yohana