Siku Uliponikana Burgao

Kwako baba, mwalimu wa jiografia na mkaidi wa Kismayu,

Kuna neno ulilolisema Burgao mbele ya watu wenye bunduki, nami mpaka juzi sikujua kama lilitoka kwenye mapenzi au kwenye hasira. Nakuandikia kwa ajili ya hilo. Dua nakuombea kila siku, lakini hili lilitaka kalamu.

Unaikumbuka mikate ya mofa? Mama akiiandaa, wewe hukuweza kula kama watu. Ulishika mmoja ukatuambia, "Hii ndiyo nchi ya Waburyati," kabila la yule rafiki yako uliyekaa naye chumba kimoja huko Siberia, serikali ilipokupeleka kusoma. Ni wafugaji wa pembeni mwa ziwa kubwa, ukasimulia, na baada ya mapinduzi ya Warusi walipewa jimbo lao la kujitawala. Haikupita hata miaka ishirini, likakatwa. Hapo ulimega kipande cha magharibi ukakiweka ukingoni mwa sinia, ukamega cha mashariki ukakiweka upande wa pili. Vile viwili vilitiwa ndani ya mikoa ya Warusi. Baadaye hata neno Mongoli likafutwa kwenye jina la jimbo. Mofa ilikuwa inapoa, nami nina njaa, nikakuuliza watu walihamia wapi.

"Wachu hawakuhama, mwanangu," ulisema kwa Kibajuni chetu, watu ukiwaita wachu. "Waliamka papo hapo, kwao si kwao."

Rafiki yako akiulizwa kabila alilitaja jina zima, na Mongoli lake, hata mbele ya wakubwa. Ulimpenda kwa hilo. Mimi nilimwona mjinga, ila sikusema.

Vita vilipoingia Kismayu, kila mwenye bunduki aliuliza ukoo. Wasomali walitaja babu zao mmoja baada ya mmoja, na kila ukoo ulikuwa na watu wa kuulinda. Sisi Wabajuni hatukuwa na mtu. Mama akanifundisha kwa siri babu wa wenyewe, majina tisa ya ukoo wa jirani yetu Msomali, nikiyarudia huku napepeta mchele. Ulipotusikia ulifoka.

"Mchu akitaja babu asiye wake amejikata mwenyewe!"

"Na akatwe jina, asikatwe shingo," Mama akakujibu. Hamkusemezana siku mbili.

Mama alitangulia Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, na mdogo wangu. Sisi wawili tulifuata, tukakamatwa Burgao mchana tukingoja mashua. Walitupanga mstari. Wewe ulikuwa mbele yangu, ukasema kwa Kisomali safi, "Mimi Mbajuni," kama unayeitikia salamu. Nilikuchukia, baba. Ulijua nitaulizwa baada yako.

Nikaanza majina ya Mama. La kwanza, la pili, mpaka la tano. La sita likanipotea kabisa, na mdomo ukataja Shee, jina la babu yako. Katika ukoo ule hakuna mtu anayeitwa Shee; hilo ni jina la Kibajuni. Mwenye bunduki akanitazama mimi, akakutazama wewe.

"Huyu ni wako?"

"Si mwanangu. Simjui."

Hukunigeukia. Mama mmoja wa Kisomali nyuma yangu akanivuta mkono, akasema mimi ni mtoto wa dadake, hofu imenichanganya. Nikapandishwa mashuani. Wewe ulipelekwa nyuma ya maghala pamoja na wanaume wengine wawili. Hatukukuona tena, wala kaburi hatukuoneshwa.

Miaka yote hii hapa Mombasa nilijiambia ulinilipiza. Nilikukana kwa majina ya watu, nawe ukanikana kwa maneno matatu. Mama hakukubali kamwe. Alisema nimerithi kichwa chako kigumu.

Sasa binti yangu ana umri niliokuwa nao siku ile. Juzi alikuwa anakosha vyombo, amenipa mgongo, nikajaribu kuyasema yale maneno polepole, asisikie. Nilifika kwenye "si" nikashindwa. Nikakaa chini jikoni nikilia, naye akadhani nimeungua.

Wewe uliyeshindwa kuficha kabila lako mbele ya mtutu, neno lile la kunikana uliweza kulisema, na sauti haikutetemeka. Nisamehe kwa kuchelewa kuelewa. Mola akulaze pema, popote walipokuacha.

Mimi ni mwanao,
binti yako wa kwanza